Kuku wa Philomena

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Stanslaus alikuwa mtu wa barabarani. Aliendesha lori la kiwanda cha kuchambua pamba, akitoka Shinyanga kwenda Kahama, Masumbwe, hadi vijiji vya ndani kabisa vya Geita, enzi ambazo watu wa huko walikuwa bado wanalima pamba kwa wingi na vijana hawajahamia wote machimboni. Alijua daraja lipi linayumba na mama ntilie yupi anapika wali usio na mawe. Mkewe, Philomena, alizoea kuwa na mwanaume wa kuja na kuondoka. Yeye alibaki Ngokolo, mjini Shinyanga, akimlea binti yao, Asteria, na kuuza sokoni michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani.

Walikuwa wamekubaliana kwamba siku Stanslaus akikabidhi funguo za lori atatulia nyumbani, nao waonje kuishi pamoja. Funguo akazikabidhi, nyumbani akatulia. Haukupita muda mrefu, Philomena akaanza kupotea.

Mwanzoni alipotea akiwa pale pale. Alitia chumvi kwenye mboga, akageuka, akatia tena. Alimuuliza Asteria kwenye simu habari za bibi yake, ambaye alikufa Asteria akiwa bado anatambaa. Halafu akapotea kweli. Alitoka sokoni alikouza kwa nusu ya umri wake, akashindwa kuijua njia ya nyumbani, akakutwa kwenye barabara ya Kolandoto, kapu kichwani, akisema anawahi kwao kabla mvua haijanyesha. Kilikuwa kiangazi cha kukausha visima.

Daktari alimweleza Stanslaus kwa upole kuwa ni ugonjwa wa kusahau, kwamba hauponi, na kwamba kazi yake sasa ni kumlinda mkewe asiumie wala asipotee. Ndugu walikuwa na maelezo yao. Walisema mwanamke mwenye akili zake hageuki hivi bila mkono wa mtu, wakataka apelekwe kwa mganga. Stanslaus alipokataa wakasema ni kiburi cha mjini, wakapunguza kuja.

Basi dereva akawa mpishi, mfuaji na muogeshaji. Wanaume wenzake walipopita na kumkuta anaanika khanga walimsalimia huku wakiangalia pembeni. Hilo alilizoea. Ambalo hakulizoea ni geti. Alilitia kufuli, na Philomena alisimama pale asubuhi nzima akilitikisa, akiwaita wapita njia wamfungulie, akiwaambia kuna mtu amemfungia na wala hamjui. Watu walisimama, wengine wakanong'ona. Siku moja akaja mwenyekiti wa mtaa mwenyewe, na Stanslaus akajikuta anajieleza getini kwake kwamba yeye ni mume wa huyu mama, huku huyu mama anatikisa kichwa kukataa.

Maana hilo nalo lilikuwa limekwenda. Philomena hakumjua tena kuwa ni mumewe. Alimjua kuwa ni dereva. Kila siku alimsogelea, kwa adabu ya abiria asiyetaka kusumbua, akamuuliza:

"Dereva, tunaondoka saa ngapi?"

Naye alikuwa amejifunza kumjibu, "Bado tunapakia mzigo, mama."

Jibu hilo lilimtuliza Philomena kwa muda.

Aliyewaokoa ni kuku. Zipora, jirani yao fundi cherehani, aliwaletea kuku jike wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, awe kitoweo chao cha Pasaka. Kabla hajachinjwa Philomena alimwokota, akampakata, akamwamkia kwa Kisukuma kama anavyoamkiwa mtu mzima: "Mwangaluka, mayu." Kuku akajikunja mapajani akafumba macho. Tangu hapo jina lake likawa Mayu, yaani mama, na habari ya kumchinja ikaisha. Kuku akiwa mapajani, Philomena hakukumbuka geti. Aliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya ukingo wa bati, akimpapasa mbawa, akimsimulia mambo ya mashamba ya kwao, na Stanslaus akapata nafasi ya kufua, ya kupika, hata ya kusinzia kidogo akiwa ameegemea ukuta.

Ua wao upande wa nyuma ulikuwa wa matawi ya mgunga. Huko ndiko kuku alikochomwa mwiba. Alianza kwa kuchechemea, kisha akawa anasimama kwa mguu mmoja, kisha akalala tu kivulini. Stanslaus alipomgeuza aliona uvimbe wa mviringo chini ya wayo, mwekundu, wa moto, na gamba jeusi katikati yake. Philomena alipompakata, kuku alifurukuta, akamparua mkono, akakimbilia nyuma ya pipa la maji. Philomena alibaki amekaa, mikono imefunguka mapajani, uso wake kama wa mtu aliyefukuzwa kwenye nyumba ya watu. Akainuka. Akaenda getini.

Alilitikisa siku nzima, na kesho yake vilevile.

Stanslaus alimshika mkewe mkono wakaenda wote kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji alimwambia aloweke mguu wa kuku kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asubuhi na jioni, mpaka ngozi ilainike. Usaha wa kuku, alisema, haumwagiki kama wa mtu, unaganda na kuwa kama punje, na mwishowe itabidi utolewe. Akampa chupa ya iodini. Nyumbani Stanslaus alitandika pumba za mpunga kwenye boksi, akamlaza kuku humo, akaanza kuuguza. Alipiga magoti mbele ya beseni, ameushika ule mguu majini kwa vidole viwili, huku nyuma yake geti likigonga. Kuku aliacha kula. Akamkorogea uji wa dona, akawa anamdondoshea mdomoni kwa ncha ya kidole, akimbembeleza ameze. Wakati mwingine alijisikia akimwomba kabisa, kama mtu anavyomwomba tajiri.

Hali ikiwa hiyo, simu ikaita. Ilikuwa ya Onesmo wa Masumbwe, mtoto wa mdogo wake Maganga.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, Onesmo."

Kijana akamwambia kwamba baba amefariki.

Maganga aliacha jembe mapema akaenda kuchimba. Alishuka kwenye maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji wadogo, akapasua mawe mpaka vumbi likahamia kifuani mwake. Enzi za lori Stanslaus hakuwahi kupita Masumbwe bila kulala kwake. Walikula sahani moja, wakacheka mambo ya utotoni mpaka mke wa Maganga akawaomba walale. Tangu Philomena aanze kuumwa walikuwa wanazungumza kwa simu tu, na kila mara Maganga, kwa pumzi ya kukatika, alimuuliza atakuja lini. Kila mara alijibiwa kwamba hivi karibuni.

Maziko yalikuwa kesho yake alasiri. Stanslaus ndiye aliyekuwa mkubwa, ndiye wa kutupa udongo wa kwanza. Alikwenda kwa Zipora kumwomba akae na Philomena kwa siku mbili tu. Zipora alisimamisha cherehani. Aliwahi kuachiwa Philomena mara moja, akageuka kupima kitambaa, mama wa watu akatoweka mpaka jioni.

"Baba Asteria, nisamehe," alisema. "Kuku angekuwa mzima ningejaribu. Hivi mama alivyo sasa, nitampoteza, na sitaweza kukutazama usoni."

Asteria, aliyeolewa Geita mjini, angekwenda Masumbwe moja kwa moja kutoka huko. Kwenye simu alirudia aliyokuwa akiyasema kila siku: mama aletwe kwake, baba apumzike. Alisema kwa huruma, lakini Stanslaus aliijua nyumba ya Asteria. Vyumba viwili, mke na mume wote wako kazini tangu asubuhi. Philomena angefungiwa chumbani mpaka jioni. Alimwambia binti yake watazungumza baadaye, akakata simu.

Akaamua kwenda na mkewe. Asubuhi alimvalisha kitenge kizuri, yeye akavaa koti lake la kanisani, kuku akamtia kwenye tenga na mguu wake umefungwa kitambaa, kwa kuwa bila kuku Philomena hangevuka kizingiti. Walifika stendi vizuri. Philomena alitembea kwa furaha, akisalimia watu asiowajua. Basi la Masumbwe lilikuwa linaunguruma. Utingo alipokea begi lao. Philomena aliweka mguu mmoja kwenye ngazi, akautoa.

"Hili silo gari letu," alisema.

Stanslaus alimwambia ndilo. Akakataa. Yeye, alisema, ana dereva wake, na dereva wake amemwambia bado anapakia mzigo. Abiria wa karibu walicheka kidogo, bila ubaya.

"Philo," Stanslaus alisema chini chini, "dereva ndiye mimi."

Philomena alimtazama tangu viatu vilivyong'arishwa mpaka kola ya koti, akarudi nyuma. Hakumjua katika nguo zile. Akaketi chini, palepale kwenye vumbi, amekumbatia tenga. Stanslaus alipomshika mkono ili amwinue alipiga ukelele wa mtu anayeibwa, na stendi nzima ikageuka. Kijana mmoja wa bodaboda akaja akamuuliza mzee kwa ukali kidogo anamfanya nini mama wa watu. Stanslaus akamwachia. Utingo alimrudishia begi, akampa pole, na basi likaondoka.

Alasiri ile alisimama uani kwake, koti bado liko mwilini, simu mkononi. Onesmo alikuwa amempigia na kuiweka simu yake karibu na kaburi. Alimsikia katekista akisoma. Aliwasikia akina mama wakiimba, na katika sauti hizo alidhani ameitambua ya Asteria. Halafu akasikia jina lake likitajwa, na binamu yao mmoja akitupa udongo badala yake. Kisha majembe. Udongo wa Masumbwe una kokoto, nao ulikuwa ukigonga sanduku kwa mlio wa wazi kabisa. Kabla hawajamaliza mtandao ukakatika. Akapiga tena, haikupatikana. Getini Philomena alikuwa akimwita mtu yeyote.

Stanslaus alivua koti akalitundika. Akaingia jikoni akachukua kisu.

Alimtoa kuku kwenye boksi. Akilini mwake mambo yalikuwa wazi kuliko yalivyowahi kuwa. Kuku akiisha, hakutakuwa na cha kumkalisha Philomena. Kusipokuwa na cha kumkalisha, itabidi apelekwe Geita, na hakuna atakayemlaumu mume. Ataweza kwenda kuliona kaburi. Ataweza kupanda gari lolote, kwenda popote, na kurudi akitaka. Aliuonja utamu wa jambo hilo, na ule utamu ukamtisha, lakini hakuweka kisu chini. Alichuchumaa, akazikanyaga mbawa za kuku kwa mguu, akaishika ile shingo isiyo na manyoya. Ilikuwa ya moto, na mapigo yake yalikuwa yanakimbia chini ya kidole chake.

Kivuli kikamwangukia. Philomena alikuwa ametoka getini. Alichuchumaa mbele yake, akaishika miguu ya kuku kwa mikono miwili, kama alivyomshikia kuku miaka yote ya ndoa yao.

"Chinja basi," alisema. "Wageni wasije wakakuta sufuria tupu."

Hakumtambua. Mayu wake, aliyemwamkia kila asubuhi, alikuwa kitoweo tu mkononi mwake. Angempika, angemla, na kesho angezunguka uani akitafuta kitu asichojua ni nini. Stanslaus akaiachia shingo ya kuku.

"Huyu si wa kuchinja," alisema. "Anaumwa mguu."

Philomena akaugeuza ule mguu, akafungua kitambaa, akautazama kwa muda mrefu. Akakunja paji la uso.

"Umemwekea maji ya chumvi?"

"Nimeweka. Siku zote hizi."

"Basi toa hicho kijiwe. Mimi nimemshika."

Stanslaus aliondoa mguu kwenye mbawa, akaweka kisu kando, akaleta wembe mpya, akaupitisha kwenye moto wa jiko. Philomena alikuwa ameshambana kuku kwapani, kichwa kimefunikwa kwa upindo wa kitenge, mguu umenyooshwa kwake. Alikata taratibu kuzunguka lile gamba jeusi. Ngozi ilikuwa imelainika kweli. Akabonyeza, akavuta kwa kibanio cha nyusi cha zamani cha mkewe, na kikatoka kitu kigumu, cha njano, ukubwa wa punje ya hindi, na ndani yake ncha ya mwiba wa mgunga. Damu ikafuata. Kuku aliachama bila kutoa sauti. "Mhola, mhola," Philomena alimnong'oneza, kwamba ni shwari, ni shwari. Stanslaus akasafisha shimo, akatia iodini, akaweka pamba, akaanza kuzungusha kipande cha khanga.

"Usikaze hivyo, Baba Asteria, damu itashindwa kupita."

Mikono yake ikasimama. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alipoitwa hivyo na mdomo ule. Aliogopa kuinua macho, asije akakuta amekwisha kwenda. Akalegeza kitambaa kama alivyoambiwa, na akiwa bado ameinama akasema kile alichokuwa hajamwambia mkewe tangu jana.

"Maganga amekufa. Leo wamemzika."

"Maganga wetu?"

"Wetu."

Philomena akaguna kwa uchungu. Machozi yakamjaa. Akamshika mumewe bega kwa mkono uliokuwa na damu ya kuku.

"Na wewe mbona uko hapa?"

Stanslaus alianza kufunga fundo la kitambaa, na kabla hajamaliza mkono ulikuwa umeshatoka begani. Philomena alikuwa anautazama upindo wa kitenge chake wenye damu kwa mshangao. Akamuuliza dereva kama wataondoka jua likiwa bado liko juu.

Kuku alipona polepole. Gamba jipya likafunga shimo, uvimbe ukapungua, ila kidole kimoja kilibaki kimepinda, na akikimbia anaonekana kama anayeruka madimbwi. Alirudi kwenye mapaja. Geti likanyamaza. Stanslaus aliwaona wawili wale kwenye kiti cha plastiki, akafurahi kwa moyo wote, na katika furaha ileile alisikia kitu kikijifunga tena mahali pake. Sasa hapakuwa na sababu yoyote ya kumpeleka Philomena kokote. Kila kitu kilikuwa sawa. Kingeendelea kuwa sawa hivyo mpaka mmoja wao afe.

Huko Masumbwe habari ya stendi ilikuwa imeshafika. Kwenye kumaliza matanga, mzee mmoja wa ukoo alisema mbele ya watu kwamba kuna mtu amekaa mjini anauguza kuku huku ndugu yake anafukiwa na wengine. Wengi walicheka. Asteria alikuwepo, na hakucheka. Alipopata likizo alikuja Ngokolo bila kutoa taarifa.

Asubuhi yake ya kwanza mama yake alimkaribisha vizuri, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Asteria alijibu, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko. Siku zilizofuata alimtazama baba yake akipika, akifua, akibembeleza, akidanganya kuhusu mzigo. Habari za kumpeleka mama Geita hakuzigusa tena. Alimwambia tu, wakiwa wanachambua mchicha, "Baba, nenda ukamwone baba mdogo. Mimi nipo."

Akaenda. Onesmo alimpeleka makaburini akamwacha peke yake. Udongo ulikuwa umeshapasuka kwa jua. Stanslaus alisimama, akaomba msamaha kwa sauti, akaeleza yote, hata ya kisu. Kisha akaokota konzi ya udongo, akaumwaga pale pale ulipotoka, akaondoka.

Alipofika barabarani lilikuja kwanza basi la kwenda Ushirombo, upande usio wa kwao. Utingo alining'inia mlangoni akamuuliza mzee anakwenda wapi. Stanslaus aliitazama barabara ile, ilivyoshuka na kupanda tena kwa mbali, njia aliyoijua kwa nyayo zake zote mbili, na mdomo wake ukawa tayari kujibu. Aliwaza kwamba Asteria yupo. Aliwaza kwamba hakuna anayemngoja kwa jina lake. Basi lilisimama muda wa kutosha kabisa mtu kupanda.

"Ninarudi Shinyanga," alisema, na likaondoka na vumbi lake.

Katika basi la Kahama alipata kiti nyuma ya dereva. Kila kona, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu.

Asteria aliondoka Jumapili baada ya ibada. Zipora alikuja kushika zamu kidogo, Stanslaus akamsindikiza binti yake mpaka mwisho wa mtaa, si zaidi. Asteria alisema atakuja tena mvua zikianza, na safari hii baba atakaa huko Masumbwe siku mbili. Baba akasema sawa. Hakumuuliza ni mvua zipi.

Alirudi, akamshukuru Zipora, akachemsha maji, akayapoza kwenye ndoo, akamwita mkewe aoge. Philomena alisema kwa heshima kwamba yeye haogi mbele ya mwanaume asiyemjua. Walijadiliana mlangoni mwa bafu mpaka maji yakaanza kupoa. Mwishowe akakubali kwa sharti moja, nalo likatimizwa. Stanslaus alisimama ameupa ukuta uso, mgongo kwa mkewe, akinyoosha mkono nyuma kumpa sabuni, na kuipokea, na kumpa tena.